Andika Nkatha Ndio Iwake

Nkatha, mama yangu,

Sasa hivi uko kwa shangazi yako Gatwiri unasukwa, na vile huwa anavuta nywele najua hutarudi karibuni. Nimepata nafasi. Kesho sitaweza kukwambia kitu, nitakuwa nabeba sanduku na kujifanya natafuta kamba ya kulifunga. Kwa hivyo soma hii ukifika Embu, ukiwa peke yako, na usiichome hata ukiambiwa uichome.

Mambo ya kufua soksi na kusali kabla ya kula, hayo shangazi amekujaza nayo wiki nzima, mimi sina la kuongeza. Mimi nataka kukwambia habari ya ile laptop iko ndani ya sanduku, chini ya blanketi. Nimeibadilisha leo mchana. Kuna mtu itamkasirisha sana, na nataka ujue kila kitu kabla yeye ajue. Nataka pia ujue nimefanya makusudi, nikiwa na akili zangu zote, na nikiwa na furaha.

Mtu mwenyewe ni Njeru, bwana wa mama yako.

Ngoja nianze na sweta. Ulipotoka kwao likizo ya Agosti, nilikuwa nafua nguo zako pale kwa bomba, nikaona sweta mpya ya kijani ya hiyo shule unaenda. Ndani ya shingo mtu ameshona jina kwa uzi mweupe, vizuri sana, na mkono wa mama yako mimi naujua. WANJA NJERU. Nikafikiri mmechanganya nguo na mtoto wa watu. Nikakuita.

"Wanja ni nani?"

"Ni mimi, baba."

"Tangu lini?"

"Huko kila mtu ananiita hivyo. Ni jina la mama yake Njeru. Anasema amezaa vijana watupu na mama yake hajaitwa."

"Na wewe unaitika?"

"Usipoitika chai inakupita."

Ulicheka ukisema hivyo. Mimi pia nilicheka, ndio usiogope. Halafu nikaenda nyuma ya choo nikapiga teke ule mtungi wa maji wa blue mpaka ukapasuka. Ulikuwa unauliza mtungi umeenda wapi. Ndio huko umeenda.

Hii unaijua, lakini wacha niiandike ikae kwa karatasi. Msichana wa kwanza wa nyumba anachukua jina la mama ya baba yake. Huyo ndio ntagu wako, yule umeitwa. Cucu Nkatha, mama yangu mzazi, alikushika ukiwa mdogo kuliko mkate, akatemea mikono yako mate ya baraka, akasema, "Nimerudi, na safari hii nitasoma." Kutoka siku hiyo nimekuita mama, na sikuwa nacheza. Na nilipomzika cucu mwezi wa sita, watu walilia wakanyamaza, lakini mimi nikiita Nkatha hapa nyumbani bado kuna mtu anaitika. Kuanzia kesho hakuna. Hiyo naweza kuvumilia, watoto huenda. Lakini kwenda mahali ambapo ukiitwa jina lako hakuna mtu anageuka, hapana.

Simkatai Njeru shida yake. Mama yake amezeeka na hajaona mtoto wa kumwita. Angekuwa mtu mwingine ningemhurumia, hata ningemwombea. Lakini anataka kuziba shimo la nyumba yake na mtoto wangu, na ameanza kuziba bila kuniuliza.

Na si mambo ya sweta tu. Mwakani uko darasa la nane. Shule itaandika majina ya watoto wa mtihani, na lile litaandikwa hapo ndilo litakuwa kwa cheti, halafu kwa kitambulisho, halafu kwa kila kitu mpaka unyoe mvi. Mama yako alinipigia kwa ile simu ya posta, akiongea chini chini kama mtu yuko kanisani, akaniambia Njeru ameshaongea na mwalimu mkuu.

"Ameongea nini?"

"Ya jina. Usipige kelele, tafadhali."

"Na mimi je?"

"Wewe utapiga kelele."

Nikapiga kelele. Watu wa foleni wakaniangalia, simu ikakatika. Hiyo ndio sehemu yangu katika hiyo kesi yote.

Sasa angalia hii. Tangu amchukue mama yako, Njeru hajawahi kukanyaga hii boma. Akija kukuchukua likizo, anasimamisha pickup kule juu barabarani karibu na kiwanda cha kahawa, hazimi injini, anapiga honi. Mama yako ndio anateremka kwa miguu na viatu vyake vya mjini kwa hii matope yetu. Mara moja nilipanda mpaka huko. Nikamwambia, "Njeru, zima gari, teremka unywe chai." Akafungua kioo kidogo, pale pa kupitishia tikiti tu.

"Tunachelewa, mkubwa. Siku ingine."

Mkubwa. Mimi na yeye tulikuwa na chumba kimoja pale Makutano, na blanketi moja, tukilala mmoja kichwa huku mwingine kichwa kule, na najua harufu ya miguu yake kuliko mama yako anavyoijua. Leo mimi ni mkubwa.

Mtu akitaka msichana wa watu, ama mtoto wa watu, anakuja. Anapewa stuli, anapewa uji, anatukanwa kidogo, anaeleza shida yake mpaka jasho limtoke. Wazee wanamzungusha, wanamwambia rudi wiki ijayo. Ndio inafanywa hapa Githongo, na huko kwao Embu wanafanya hivyo hivyo, asinidanganye. Yeye alichukua bibi kwa honi. Sasa anataka kuchukua na jina kwa honi.

Na usifikiri mimi nimekutupa. Tulipomaliza kuzika wazee walisema uende kwa mama yako, na baada ya ile Agosti ya sweta wakakaa tena hapa nje, na mimi nikaongea. Mzee M'Ikiara, mdogo wa babu yako, ndio alikuwa mbele.

"Msichana ameanza kuwa mkubwa," akasema. "Mama yako ndio alikuwa anamwangalia, na sasa ameenda. Nani atamwambia mambo ya wasichana? Ni wewe, na hizo waya zako?"

"Shangazi yake yuko."

"Shangazi yake ana wake, wamemshinda. Huyu mama yake yuko hai na nyumba yake ni ya mawe."

"Mzee, huyo bwana anambadilisha jina."

"Mtoto ale kwanza. Jina halijazi sufuria."

Wakacheka wote. Mimi nina miaka thelathini na moja, wao meno yameisha, na nikikasirika naongea mbio maneno yakipandana, nikawa kama mtoto mbele yao. Nilikuwa na mambo mazuri sana ya kusema. Niliyakumbuka wakishaenda.

Hiyo mbio ndio imenimaliza maisha yangu yote, Nkatha, na nikwambie ukweli, ndio ilimpa Njeru nafasi. Mimi kompyuta sikufundishwa na mtu. Nilikuwa fundi wa redio hapa sokoni, nikaitwa kutengeneza stima kwa chuo cha kutaip Meru mjini, wakawa wameleta kompyuta mbili, na nikawa siwezi kutoka hapo. Nilikuwa nakaa nyuma ya wanafunzi nikisoma juu ya mabega yao. Njeru alikuwa anafundisha kutaip. Tukapatana. Kitu nikikijua asubuhi, saa ya chai Njeru anakijua, sikuwa naweza kuweka kitu kikapoa. Nilimwonyesha kila kitu. Hata namna ya kufungua mashine bila bisibisi.

Basi nikaanza kuitwa. Leo Kiirua kwa misheni, kesho Nkubu, kesho kutwa chuo fulani. Nikirudi nyumbani nina hadithi tu ya vile nimeshinda mashine, na mama yako akiniuliza kitu namjibu nikiwa nimeshika mlango. Njeru alikuwa anakuja kutusalimia, ananikosa, anaketi. Hiyo tu. Mimi nilidhani mwanamke anataka mwanaume mwenye moto. Kumbe alitaka mtu wa kuketi, amsikie mpaka mwisho wa maneno. Kwa mama yako Njeru aliketi mpaka stuli ikajua umbo lake. Ni kwangu tu ndio hana dakika ya kuketi.

Nimemaliza hiyo. Sitairudia, na usimwonyeshe mama yako.

Sasa laptop. Unakumbuka yule mhandisi wa maji, Mholanzi wa Kiirua. Alipomaliza kazi yake aliniachia, kona imevunjika, batri imekufa, ndani ina Windows. Njeru aliiona siku moja hapo Meru nikiwa nayo kwa begi. Alipapasa kifuniko chake taratibu kama mtu anapima ng'ombe wa mahari. "Hii," akasema, "ingefaa mtu mwenye ofisi." Ndio maana najua ataishika. Siku ya kwanza atasema ni ya mtoto. Siku ya pili atasema wacha nikuangalizie kama iko sawa. Siku ya tatu iko kwa meza yake, pale bureau yake ya kutaipia watu barua huko Embu, imefunguliwa wateja waione.

Unakumbuka vile tuliweka Linux? Binamu yangu Koome alitoka kusoma India akaniletea CD yake, mfumo mwingine kabisa wa kuendesha kompyuta, wa bure, umeandikwa na watu hata hawajuani. Mimi nilitaka yote miwili ikae ndani ya mashine moja, Windows yake na Linux yetu, bila kupigana. Na hapo ndio nilijua kitu kimoja kilinikosesha usingizi. Mashine ukiiwasha haijui chochote. Haijui ni ya nani, haijui ina nini ndani. Inaenda kusoma kipande kidogo sana pale mwanzo wa diski, na hicho kipande ndicho kinaiambia wewe ni nani na uende wapi. Yule ameandika hapo ndio mwenye mashine. Wengine wote ni wapangaji.

Programu ya kuandika hapo inaitwa lilo. Ukiiweka vizuri, ukiwasha mashine, kabla ya kitu kingine chochote inakuja skrini nyeusi na neno boot, halafu inangoja uandike jina la mfumo unataka.

Ile Jumapili ya kwanza iliandika L, ikaandika I, ikanyamaza. Tulikuwa tumeketi watatu hapo mlangoni penye mwanga, waya imetoka kwa batri ya gari, na wewe ukasema, "Baba, inataka kusema kitu." Cucu akasema, "Ipatie maji." Nilihangaika nayo mpaka nikakonda. Kumbe nilikuwa nimeweka mambo ya kuwashia mbali sana ndani ya diski, na mashine ikiamka haina nguvu ya kufika huko. Ilibidi nivunje kila kitu nianze upya, nikate kipande kidogo pale mwanzo kabisa, niweke hapo kitu cha kwanza inahitaji. Ikawaka. Cucu akapiga makofi akauliza kama sasa itapika.

Na lile kosa langu lingine wewe ndio ulikuwa unanishika nalo. Nilikuwa naandika mabadiliko kwenye faili ya maagizo ya lilo, naona maneno yangu ni mazuri, nazima mashine. Nikiwasha, inafuata mambo ya jana. Nikalirudia hilo kosa kama mtu mlevi. Faili ni maneno tu. Ukishaandika, lazima uite lilo yenyewe, uandike lilo na ubonyeze Enter, ndio iyapeleke maneno pale mwanzo wa diski. Ukiwa na miaka kumi ulikuwa unapita hapo na mboga mkononi, husimami hata: "Baba, umeita lilo?" Nilikuwa sijaita.

Leo nimeita.

Hivi ndivyo nimefanya. Ule mfumo wa kwanza kwenye faili ndio lilo inafungua kama mtu amebonyeza Enter tu bila kuandika kitu. Huo wa kwanza nimeuita njeru. Nimeuelekeza kwa sehemu ya diski ambayo haiko. Kwa hivyo mtu akibonyeza Enter kwa uvivu, inaanza na kelele nyingi, mistari inakimbia, inahesabu memori, inataja kibodi, inajisifu kila kitu imepata, halafu inafika mahali pa kuingia nyumbani, inakosa nyumba, na inakufa hapo hapo ikiandika kernel panic. Huwezi kuiamsha. Lazima uizime. Nimeijaribu, nikaijaribu tena, nikaijaribu tena bila sababu, nikiitukana kwa sauti. Gatwiri alipita njia akauliza nani yuko na mimi, nikamwambia ni Njeru.

Wa pili ni Linux yako. Huo nimeuita nkatha. Unaandika jina lako, unabonyeza Enter, unaingia, kila kitu kiko vile ulikiacha, hata ule mchoro wako wa kuku.

Wa tatu ni Windows, na ndio Njeru anataka, kwa sababu barua za wateja wake zote ni za huko. Huo nimeuita nkathamkubwa. Nilimpa cucu hiyo kwa sababu Windows ndio ilikuwa ndani ya mashine kwanza, na cucu alikuja kwanza.

Njeru si mjinga, atabonyeza Tab. Kupapasa kila kitufe nilimfundisha mimi. Lilo itamwonyesha majina yote: njeru, nkatha, nkathamkubwa. Wanja hakuna hapo. Atajaribu, namjua, ataandika wanja ndio aone, na itamwambia hakuna kitu kama hicho. Itamwambia bila hasira, kila mara. Halafu, kama anataka kuandika hata barua ya kuchangia mazishi, itabidi aweke vidole vyake vinene pale na aandike jina la mama yangu herufi moja moja, akianza na N. Wateja wakimwangalia. Kesho tena. Kesho kutwa tena. Na wale vijana wake, wadogo hawana adabu, watamuuliza, "Baba, Nkatha ni nani?" Nitatoa chochote niwe nzi kwa ukuta siku hiyo.

Nisikufiche, hii si ile nilikuwa nimepanga kwanza. Nilikuwa nimetengeneza flopi. Unajua zile kompyuta za bureau yake zote ni mimi nilizipanga, tukiwa bado marafiki. Flopi yangu ukiiweka ndani na kuwasha mashine, inafuta kile kipande cha mwanzo, na mashine inabaki kama mtu ameamka hajui kwao. Nilikuwa niishone ndani ya mfuko wa sweta hiyo hiyo ya Wanja, uipitishe kwa kompyuta moja moja wakiwa kanisani. Nimekaa nayo mkononi asubuhi yote nikiona uso wake.

Nimeivunja, na si kwa huruma. Nimeivunja kwa sababu siku mashine zikikataa, Njeru angeangalia mgeni ni nani. Hangekupiga, yeye si mtu wa kupiga. Angeanza kufunga kabati. Angeongea na wewe kwa upole ule wa watu wanajua umeiba, na mama yako angeangalia sahani yake. Mimi nikiwa huku Githongo nikicheka, wewe ndio ungekuwa unalipa kila jioni. Mama, ukiwa na hasira na mtu, na utakuwa nayo, wewe ni wa kwetu, angalia kwanza nani atakuwa amesimama karibu naye siku hiyo. Mimi nimejua hiyo leo, na nimechelewa kwa mambo mengine mengi.

Hii ya jina ni yangu peke yangu. Yeyote anajua kompyuta ataona ni mkono wangu, na yeye anajua. Akikuuliza nani amefanya hivi, usiseme sijui. Mwambie, "Ni baba." Akisema "Baba yupi," nyamaza umwangalie tu. Una macho ya cucu, yatatosha.

Sasa ya mwisho, na hii usome pole pole.

Kuna njia ya kuifuta. Unawasha mashine na flopi ya DOS, unaandika fdisk /mbr, na lilo imetoka pamoja na majina yake yote, kama haikuwahi kuwa. Ni kazi ya dakika. Njeru anaijua kwa sababu unajua nani alimwonyesha. Kwa hivyo fdisk nimeitoa ndani ya Windows, na paswadi ya kuingia kwa mipangilio ya mashine nimeibadilisha, asiilazimishe kuwaka na kitu kingine. Halafu ile draivu ya flopi, ile inachomoka kando kama droo, nimeichomoa. Mahali pake nimeweka kipande cha mti wa mukima, nimekipiga msasa mpaka kikakaa vizuri, mtu haraka haraka hataona. Draivu ya aina hiyo Embu hakuna. Nairobi nilishawahi kuuliza, walisoma namba chini yake wakaniuliza nimeitoa kwa jumba la makumbusho.

Iko hapa. Nimeikalisha juu ya hii karatasi isipeperuke.

Kama anataka kulifuta jina lako kwa hiyo mashine, ni lazima aje kwangu. Hakuna honi ya kuita draivu. Ateremke, apite kwa matope, aketi, na aseme kwa mdomo wake, mbele ya M'Ikiara, kwamba ana mama hajaitwa na anaomba. Nitamwacha aseme mpaka mwisho. Sitamkatiza, nitajifunga mdomo na kitambaa ikibidi. Halafu nitamwambia arudi wiki ijayo. Akirudi nitamwambia mvua imenyesha, wazee hawakutoka. Nina maneno yake yote tayari, na safari hii nimeyaandika ndio yasinitoroke. Kama ataniudhi sana nitamwambia azae.

Lakini cheti si mashine, na huko mimi sifiki. Iko siku mwalimu atasoma majina ya darasa la nane moja moja, akifika kwako atainua kichwa akuulize kama ni sawa. Njeru hatakuwa hapo. Mimi sitakuwa hapo, wala cucu. Ni wewe na mdomo wako. Ukisema mimi ni Nkatha, wataandika Nkatha, hata kama mtu ameshaongea na mwalimu mkuu, kwa sababu mtoto akisema jina lake mbele ya darasa zima ni vigumu kumwambia amekosea.

Na ukisema Wanja? Labda kwa sababu huyo mama mzee alikufanyia mema, ama umechoka kupitwa na chai. Sitakudanganya, itaniuma, na nitapiga teke kila mtungi uko hapa. Njeru nitamchukia mara mbili. Lakini basi uje uniambie wewe mwenyewe, usimtume mama yako kwa simu. Nitaichomeka draivu, nitaenda kusimama huko kwa kahawa, na utaifuta kwa mkono wako.

Yeye nitamrudisha mpaka viatu vyake viishe. Wewe sitakungojesha.

Ni mimi baba yako,
mtoto wa Nkatha